SOMO LETU: Nambari ya Kikundi Isiwe Nambari ya Mtu



Msimu wa nyanya uliopita tulikaribishwa na kikundi kimoja cha kujisaidia huko Mata. Jina lake hatutalitaja, maana wenyewe walitueleza mambo yao kwa moyo mweupe, na hakuna haja ya kuwaaibisha. Tulipofika tulikuta makreti ya nyanya yamepangwa chini ya mti, na zile za chini zimeanza kutoa maji. Akina mama wamekaa pembeni, hakuna anayesema neno. Tukauliza, kulikoni? Mzee mmoja akajibu, "Mwenyekiti yuko Mombasa hospitalini, na simu iko naye."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kikundi kilikuwa kimeelewana na mnunuzi kwamba siku moja kabla ya soko la Taveta, ambalo kama mjuavyo huwa Jumatano na Jumamosi, atapiga simu kuuliza kama mzigo uko tayari. Wakisema uko, lori litaingia Mata kuuchukua. Mnunuzi hakuwadanganya, alipiga. Alipiga nambari aliyopewa, na nambari hiyo ilikuwa ndani ya mfuko wa mgonjwa aliyelala kitandani, simu imeisha moto tangu asubuhi. Akajaribu mara ya pili na ya tatu. Basi akanunua nyanya za watu wengine palepale Taveta, lori likajaa, likarudi na barabara ya Mwatate.

Mwenyekiti hana kosa, mtu hawezi kuulizwa kwa nini ameugua. Mnunuzi naye hana kosa. Mama mmoja alilisema jambo lenyewe kuliko sisi tungeweza: "Simu ilikuwa yake, basi na mnunuzi alikuwa wake. Sisi tulikuwa na nyanya tu."

Tusifichane. Vikundi vingi tunavyovitembelea vimeandika kwenye kibao, kwenye risiti na kwenye barua za kuomba msaada nambari ya simu ya mtu mmoja. Mara nyingi ni mwenyekiti, au ni yule katibu kijana mwenye simu nzuri. Siku ya kuandika hakuna anayeona shida. Shida huja siku anapougua, anapoolewa akahamia Kilifi, anaposhindwa kwenye uchaguzi wa kikundi, au anapokosana na wenzake. Nambari ameisajili kwa kitambulisho chake. Wateja wanaijua hiyo tu. Akiondoka nayo ameondoka na mlango wa duka lenu, na polisi hawawezi kuwasaidia kwa sababu hajaiba kitu, amebeba simu yake.

Kwa hiyo leo tunataka tujifunze kutoka kwa wenye maofisi. Wao shida hii walikutana nayo zamani sana, na dawa yake wanayo. Tutaona jinsi simu za mkono zinavyounganishwa na simu ya ofisi, halafu tutaona kikundi kisicho na ofisi, chenye mti na benchi, kinaweza kuchukua nini katika hayo.

Wenye ofisi hufanyaje?

Ukipiga simu ofisi yoyote kubwa Voi au Mombasa, unapiga nambari moja. Ndani kuna watu ishirini. Karani wa mapokezi anaitika, anakwambia "subiri nikuunganishe," unasikia muziki kidogo, na yule unayemtaka anaitika. Karani akienda likizo anakaa mwingine. Meneja akiachishwa kazi anakusanya vitu vyake vyote, lakini nambari ya simu inabaki pale.

Kinachofanya kazi hiyo ni mtambo mdogo unaofungwa ukutani, mafundi huuita PABX. Zamani palikuwa na meza yenye matundu na waya, karani anachomeka huku na kuchomoa kule. Wazee waliofanya kazi maofisini watakumbuka swichibodi. Upande mmoja wa mtambo huingia laini za nje, pengine mbili au tatu tu. Upande wa pili hutoka waya wa kila chumba, na simu ya kila chumba ina nambari yake fupi: 201, 202, 203. Hizo ndizo ekstensheni. Watu wa ndani wakiongea wenyewe kwa wenyewe hawalipi kitu, kwa sababu sauti haijatoka nje ya mtambo.

Hapa tuwape kisa kidogo. Huko Kansas City, Marekani, alikuwako mtu aitwaye Almon Strowger ambaye kazi yake ilikuwa kushughulikia mazishi. Siku hizo kila simu ilipitia mikononi mwa karani wa eksichenji. Inasimuliwa kwamba karani mmoja alikuwa mke wa mshindani wake, na kila mfiwa alipoomba kuunganishwa na Strowger, mama huyo alimuunganisha na mumewe. Strowger alipogundua akakasirika, akabuni mtambo unaounganisha simu bila karani. Akapewa hataza mwaka 1891, na eksichenji ya kwanza ya aina hiyo ikafunguliwa mjini La Porte, katika jimbo la Indiana, mwaka 1892. Kisa cha mke pengine kilitiwa chumvi, lakini mtambo ni wa kweli, na ulienea dunia nzima. Hata mwaka 1891 watu walikuwa wanajua kwamba anayeshika simu ndiye anayeshika mteja.

Simu ya mkono inaingiaje?

Safaricom na Kencell (ambayo leo ni Airtel) zilianza biashara hapa Kenya mwaka 2000. Baada ya miaka michache tu, karibu kila mtu aliyetafutwa na ofisi alikuwa na simu ya mkono, hali ofisi zenyewe zilikuwa bado na simu ya waya. Kupiga kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali, kwa kuwa kampuni yako hulazimika kuilipa ile kampuni nyingine ili ikupokelee simu. Na waya wenyewe ukawa taabu, kwa sababu wezi wa shaba waliukata usiku wakauuza kama chuma chakavu.

Ndipo wafanyabiashara wakaanza kununua kisanduku ambacho mafundi hukiita getiwei. Ni kitu kidogo, kama redio ya mkononi. Ndani kina mahali pa kutia kadi ya simu, nje kina antena, na nyuma kina tundu la waya wa kawaida wa simu. Kazi yake ni kuudanganya ule mtambo wa ukutani. Mtambo unadhani umeunganishwa na waya wa simu wa kawaida, kumbe umeunganishwa na kadi ya simu ya mkono. Mtu akipiga nambari ya kadi hiyo, karani ndiye anayeitika, na anaweza kumpeleka ekstensheni 203 kama kawaida. Mtu wa ndani akitaka kupiga nje, sauti inapitia kadi hiyo hiyo. Ofisi yenye simu moja tu ya mezani haihitaji hata PABX, kwani simu yenyewe huchomekwa moja kwa moja kwenye kisanduku.

Faida ya bei imepungua siku hizi. Ile ada ambayo kampuni hulipana kwa kupokeleana simu ilishushwa na serikali mwaka 2010 kutoka shilingi 4.42 kwa dakika hadi 2.21, na kuanzia Machi 2024 ikawa senti 41. Kwa hiyo muuzaji akikwambia nunua kisanduku "utaokoa pesa nyingi sana," mwulize hizo nyingi ni ngapi. Faida iliyobaki ni ile tunayoizungumzia, yaani nambari kukaa ofisini.

Njia nyingine ni ya intaneti. Mtambo wa ofisi unafungwa kwenye intaneti, na kila mfanyakazi anawekewa programu ndani ya simu yake ya mkono, ile ya kisasa ya kugusa kioo. Programu ile hujiandikisha kwenye mtambo, na simu yake inakuwa ekstensheni. Ofisi iko Voi, mfanyakazi yuko Mata chini ya mwembe, na bado yeye ni 204. Karani anambonyeza kama yuko chumba cha pili. Ni jambo la ajabu kidogo ukiliona mara ya kwanza. Lakini linataka mtandao wa intaneti ulio imara pande zote mbili. Pale ambapo unalazimika kupanda kichuguu ndipo ujumbe uingie, sauti itakatika-katika, mteja atasikia nusu ya maneno, na kwenye bei nusu ya maneno ni hatari.

Yaliyotupata sisi

Tusijifanye wajuzi, nasi tulilipa karo. Waya wa simu wa ofisi yetu ulipokatwa kwa mara ya tatu, tukaamua kununua kisanduku. Tukakipata kwa muuzaji mmoja, kimeshatumika, bei ya huruma. Kufika nyumbani tukatia kadi, kikakataa. Tukatia ya kampuni nyingine, kikakataa vilevile. Fundi alipokuja akacheka, akasema kitu hiki kimefungwa kutumia mtandao wa nchi nyingine, na aliyewauzia anajua. Pesa hatukurudishiwa.

Cha pili tulikijaribu dukani kwa kadi yetu wenyewe kabla ya kulipa. Hicho kilikubali. Tukakiweka juu ya kabati la chuma, chini ya bati, na kwa wiki mbili tukailaumu kampuni ya simu kwa mtandao mbaya. Kumbe tulikuwa tumekifungia wenyewe. Tulipohamisha antena hadi dirishani shida ikaisha. Isipokuwa redio iliyokuwa hapo dirishani ikaanza kutoa ule mlio wa titi-titi-titi kila simu inapotaka kulia, na ikabidi redio ihame.

Halafu lilikuja jambo tusilolitarajia. Krediti tuliyotia Jumatatu iliisha Jumanne. Tukatia tena, ikaisha. Hakuna mwizi kutoka nje. Sisi wenyewe, kila mmoja alikuwa akipita pale mezani anapiga "moja tu" nyumbani. Mwishowe tukapanga kwamba ekstensheni zote zinapokea, lakini kupiga nje ni kwa mbili tu, na kuna daftari. Palikuwa na manung'uniko kwa mwezi mzima.

Mkija kununua kisanduku, basi, jaribuni kwa kadi yenu, ulizeni kama kinakubali mtandao wa 4G, na angalieni umeme wake. Vingi vinatumia volti 12, kwa hiyo betri ya sola ya kikundi inaweza kukibeba, lakini fundi asome kibandiko cha nyuma kwanza.

Na kikundi kisicho na ofisi?

Hapa ndipo tunapotaka mkae kidogo, maana wengi wenu hamna haja ya kununua kisanduku chochote. Kile ambacho PABX hukifanya ukutani, kampuni ya simu hukifanya kwenye mitambo yake yenyewe, na kila kadi ya simu inayo nafasi hiyo tayari. Tunasema habari ya kuhamisha simu.

Kwanza kikundi kinunue kadi yake. Kadi hiyo isajiliwe kwa jina la kikundi, kwa cheti chenu cha usajili na vitambulisho vya maafisa, si kwa kitambulisho cha mtu mmoja. Kanuni za usajili wa kadi za simu zinakubali shirika kusajili kadi kwa jina lake. Wakala wa kibandani anaweza kukwambia haiwezekani, kwa sababu yeye kazi hiyo haifanyi. Nendeni kwenye duka la kampuni yenyewe, mbebe cheti na barua ya kikao iliyotiwa sahihi. Itawagharimu siku moja na nauli. Kama cheti chenu kimepitwa na wakati, hii ndiyo sababu nyingine ya kumwona afisa wa maendeleo ya jamii.

Kadi hiyo itiwe kwenye simu ndogo ya vibonyezo, ile inayokaa na moto siku nne. Simu ikae kwa mtu mmoja, mahali pamoja penye mtandao. Sasa sikilizeni vizuri. Ukibonyeza **62* halafu nambari ya mwenzako halafu # na kupiga, umeiagiza kampuni hivi: simu ya kikundi ikizimwa au ikikosa mtandao, mpigaji apelekwe kwa mwenzangu huyu. Ukibonyeza **61* kwa njia hiyo hiyo, umeagiza kwamba ikilia bila kuitikwa, apelekwe. Na **67* ni ikiwa inatumika. Ukitaka simu zote ziende kwa mwenzako bila hata kulia kwanza, ni **21*. Kuangalia kama **21* imewekwa ni *#21#, kuiondoa ni ##21#. Kufuta maagizo yote kwa pamoja ni ##002#. Maagizo haya ni ya mitandao ya simu za mkono dunia nzima, lakini kama laini yenu ikikataa, ulizeni kampuni yenu.

Agizo hilo halikai ndani ya simu, linakaa kwenye mtambo wa kampuni. Ndiyo maana simu ikiisha moto, ikiangukia mfereji, au ikiwa imelala hospitalini Mombasa, agizo bado linafanya kazi. Kama mwenyekiti wetu wa Mata angalikuwa amebonyeza **62* na nambari ya katibu wiki moja kabla, mnunuzi angaliitikwa na katibu, na hata asingejua kwamba mwenyekiti ni mgonjwa. Lakini ni lazima agizo liwekwe mapema, simu ikiwa hai. Simu iliyokufa haiwezi kuagiza kitu.

Malipo nayo yako hivi. Anayepiga hulipa kama alivyozoea, mpaka kwenye laini ya kikundi. Kutoka hapo kwenda kwa mwenzako inalipa laini ya kikundi. Kwa hiyo laini ya kikundi ikiwa haina krediti, simu haihami. Tuseme dakika moja ni shilingi 4, na mnapata simu kumi zilizohamishwa kwa wiki, kila moja dakika mbili. Hiyo ni shilingi 80. Kikundi cha watu ishirini ni shilingi 4 kila mtu. Mweka hazina aandike kwenye daftari kama gharama ya kikundi, asitoe mfukoni mwake akanyamaza. Anayetoa kimyakimya leo, kesho atasema laini ni yake.

Jambo lingine ambalo watu hulisahau: kinachohama ni sauti tu. Ujumbe wa maandishi hauhami, na pesa za M-Pesa hazihami. Vinafika kwenye kadi yenyewe. Wengine wanaona hilo ni upungufu, sisi tunaona ni nafuu kubwa. Maana yake kikundi kinaweza kuwagawia watu wengi kazi ya kuitika bila kumgawia mtu yeyote pesa. Sauti iende kwa zamu, kadi ikae na mweka hazina. Na kama biashara yenu imekua, afadhali pesa zilipwe kwenye nambari ya till au ya paybill iliyofunguliwa kwa jina la kikundi, isiyo nambari ya simu ya mtu wala ya kikundi. Njia hiyo ya kulipa siku hizi hata wauza samaki wanaitumia.

Zamu na daftari

Kikundi kimoja kinachouza samaki wa Jipe kimepanga hivi. Kila Jumapili jioni wanaweka **61* na **62* kwa mtu wa zamu ya juma hilo. Wa zamu anayo karatasi iliyoandikwa bei za juma, kiasi kilichopo, na jina la kikundi, na akiitika anataja jina la kikundi kwanza, si lake. Mkiwasikia mtadhani wana ofisi. Mama mmoja mwenye umri wa bibi yetu, ambaye wenzake walisema hawezi, ndiye anayeuza kuliko wote, kwa sababu mteja akianza kupunguza bei humwambia kwa upole, "Mwanangu, bei iliandikwa na kikao, mimi nimepewa kusoma tu."

Daftari lao lina mistari mitatu kwa kila simu: nani kapiga, anataka nini, tumemjibu nini. Akibadilishwa mtu wa zamu, daftari linahama naye. Nasi tumeona vikundi vilivyohamisha simu vizuri kabisa bila daftari, na mteja akaahidiwa bei mbili na watu wawili. Afadhali msihamishe kuliko kuhamisha hivyo.

Iko pia habari ya ndovu. Wale wanaolima karibu na Tsavo Magharibi wanajua usiku ni nini. Mlinzi aliye shambani anasikia matawi yakivunjika, anataka kuwaamsha wenzake na kuwaita askari wa wanyamapori, na ana nambari saba kichwani, nne zimezimwa. Laini ya kikundi inaweza kufanya kazi ya pili hapa. Magharibi inapoingia, **21* kwenda kwa yule wa zamu ya usiku, ambaye simu yake imechajiwa na haizimwi. Asubuhi ##21#. Mlinzi anakumbuka nambari moja tu, na wa zamu ndiye anayewaamsha wengine na kupiga nje. Ila msiseme simu inafukuza ndovu. Haifukuzi. Inawapa dakika chache, na mtu mwenye tochi na bati la kupiga anaweza kufanya jambo ndani ya dakika chache.

Mkiwa kwenye nambari za usiku, angalieni na zile za maafisa mlizo nazo. Afisa akihamishwa, simu ya mkono aliyowapa huhama naye. Ombeni nambari ya ofisi pamoja na yake.

Walio mpakani

Sisi wa Mata na Jipe tuna shida ya kwetu. Mlima unatutazama kutoka ng'ambo, na minara ya ng'ambo pia. Simu ikiachwa ichague mtandao yenyewe, inaweza kushika mtandao wa Tanzania wakati umekaa Kenya, na ukipokea simu hapo unaweza kukatwa pesa. Laini ya kikundi iwekwe kuchagua mtandao kwa mkono, mchague wa Kenya, si kujichagulia. Hata getiwei uliyoiweka dirishani inaweza kugeukia ng'ambo, kwa hiyo fundi afunge jambo hilo siku ya kuiweka. Na kwenye kibao na risiti andikeni nambari inayoanza na +254, kwa sababu mnunuzi anayetoka Moshi na laini ya kwao akipiga sifuri saba hatawapata.

Wezi wa simu

Mtu akikupigia akasema yeye ni wa kampuni ya simu, laini yako ina hitilafu, bonyeza nyota nyota ishirini na moja halafu nambari hii, kata. Sasa unajua maana ya kitu hicho. Anataka simu zako zote ziende kwake, awaitike wateja na hata benki kwa jina lako. Ukishuku umeshabonyeza, piga ##002# mara moja.

Wa pili ni mjanja zaidi. Anakuja na maneno matamu, anataka kukodi chumba cha kikundi chenye umeme na mtandao, alipe vizuri kila mwezi, aweke "mashine ya simu" yenye kadi nyingi, kumi, thelathini. Hiyo si getiwei ya ofisi. Ni mashine ya kuingiza simu za kutoka nchi za nje kwa mlango wa nyuma, zionekane kama zimepigwa hapa nchini, bila kulipa ada. Ni kosa la jinai, watu wameshikwa hapa Kenya kwa ajili yake, na polisi wakifika watamkuta mwenye chumba, yeye hayupo. Wala msimkubalie mtu anayewanunulia kadi akaomba vitambulisho vyenu kuzisajili.

Kazi ya kufanya katika kikao kijacho

Leteni vibao, risiti na barua zenu zote, muone nambari gani imeandikwa na ni ya nani. Kama mwenye nambari yupo kikaoni, mwulizeni kwa heshima yuko tayari kufanya nini wakati wateja wanahamia laini mpya, kwa maana itachukua miezi, na kwa muda huo yeye anaweza kuhamishia laini ya kikundi simu za wateja zinazomjia. Wale wa nyanya walipofanya hivyo, mwenyekiti, aliyekuwa ametoka hospitalini, ndiye aliyesimama wa kwanza akasema amechoka kuamshwa.

Halafu teueni watu watatu wa zamu. Wekeni **62* kwa wa kwanza. Zimeni simu ya kikundi, iwekeni mezani mbele ya wote, na mmoja wenu atoke nje apige nambari ya kikundi. Kaeni kimya msikilize inalia kwenye mfuko wa nani.

Mkikwama, tuandikieni.